Mtamba Aliyetolewa kwa Amina

Juzi nilipanda Lushebere kutafuta maharagi ya kununua, nikahesabu makanisa ya kilima chetu: sita. Nikahesabu tena, nisije nikapunjwa: saba. Rafiki yangu, lile la kwanza la kujitenga nililiona likizaliwa jikoni kwa bibi.

Lilinuka moshi na maganda ya maharagi. Bibi alikuwa ameacha misheni pamoja na majirani kumi na wawili, maana misheni haikutaka ngoma, naye hakujua kumwomba Mungu akiwa amekaa kimya. Mchungaji alikuwa mkimbizi kutoka njia ya Mweso, mtu wa sauti tamu na suruali moja. Mimi nilifagia na kuanika ngoma karibu na moto.

Bibi akampa mchungaji mtamba. Kwetu, ukimpa mtu ng'ombe, ndama jike wa kwanza anarudi kwako, na siku ya kutoa watu wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Walioinywa ndio mashahidi. Bibi hakutoa hata kuku bila kasiksi. Lakini kanisa jipya lilikataza pombe, basi tukasimama duara, tukafumba macho, bibi akalitaja agano, tukasema amina.

Ndama akazaliwa, jike. Akikua, maziwa yake ndiyo yangenipeleka shule. Bibi alipomwendea, mchungaji alimjibu kwa upole, akimwita kama sisi wajukuu, "Koko, kitu ya Mungu hairudiake."

Shauri likafika kwa wazee. "Nani alikunywa pombe?" Hakuna. Wakawauliza walioomba.

"Sisi tulikuwa tumefunga macho, Papa."

"Na masikio?"

"Nayo ilikuwa kwa Bwana."

Watu kumi na wawili, na wote masikio yalisafiri siku moja.

Mimi nilikuwa nimechungulia. Nilimwona mchungaji akiliitikia agano kwa kichwa. Lakini mke wake alinipa kikombe cha maziwa kila asubuhi, na bei ya kikombe niliijua. Bibi aliponitazama nikasema, "Na mimi nilifunga, Koko."

Mchungaji akahama na ng'ombe, ndama na nusu ya waumini. Waliobaki wakagawanyika, kila upande na mchungaji wake.

Bibi hakunigombeza. Alianza tu kuomba peke yake, mlango umefungwa, mimi nje namenya mihogo, mpaka vita vikatutawanya. Alifia kambini kabla sijamwambia nilichokiona. Pale palipokuwa jiko pameota majani, na wa kuambiwa ukweli hayupo.