Matoroli Saba ya Bi Rafu

Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la masjala ya hospitali. Wenzake walimwita Bi Rafu kwa kuwa hakuwa mtu wa kupekuapekua: ukimtajia jina la mgonjwa, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu yake, akachomoa faili moja, akarudi. Hujamaliza kukunja mwavuli wako, faili liko mezani.

Kisha akaja Mtaalamu na programu yake. Kumbukumbu za wagonjwa zikaingizwa kwenye kompyuta, na foleni ikaanza kufika getini. Bi Rafu akiandika jina, kioo kinaganda, watu wanaguna. Siku moja binti yake, aliyesomea mambo hayo, alipita kumchukua kazini, akachungulia, akacheka.

"Mama, hii inakokota rekodi zote, laki mbili na ushee, mpaka hapa dirishani, ndipo inachambua kumpata mmoja. Uchambuzi ungefanyika hukohuko kwenye hifadhidata, rekodi zinakokaa, akaja huyo mmoja tu."

"Yaani kama mimi ningebeba masjala nzima nikaimwaga hapa mezani?"

"Hivyohivyo."

Kesho yake Bi Rafu akamweleza Mtaalamu, kwa adabu zake zote. Mtaalamu alijibu kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Mama, wewe kazi yako vumbi. Ya kompyuta tuachie tuliosoma."

Watu wakaangua kicheko. Haikupita wiki, ripoti ya Mtaalamu ikatoka: programu haina kasoro, mhudumu ndiye mzito. Bi Rafu akahamishiwa chumba cha nyuma, kwenye mafaili ya wafanyakazi.

Hakulia. Miezi mitano aliihesabu siku kwa siku. Mumewe akimwambia, "Mke wangu, yaache hayo," anajibu, "Nitayaacha nikishamlipa."

Asubuhi moja simu ikalia. Mtaalamu alitaka faili lake. Saa nne angeitwa mbele ya bodi, akigombea ukuu wa idara.

"Haraka, mama."

"Sawa, baba. Linakuja."

Faili lilikuwa rafu ya tatu, linamtazama. Akalichomoa, akalipima mkononi, akalichomeka katikati ya mengine. Kisha akawaita wapagazi wawili wa wodini, nao, waliokwisha kutukanwa vya kutosha na foleni ile, hawakuuliza swali. Matoroli saba yakasukumwa kwenye korido, na mafaili elfu moja na mia mbili yakamwagwa kwenye sakafu ya Mtaalamu.

"Nini hiki?"

"Faili lako, baba. Limo humo. Chambua."

"Umechanganyikiwa? Nilitaka moja!"

"Hata mgonjwa pale dirishani anataka moja."

Mtaalamu akapiga magoti, tai kaitupia begani, akifukua. Bi Rafu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, wala hakupepesa macho. Saa nne kasoro dakika kumi mkurugenzi akaja kumwita, akakuta chumba hakipitiki. Bi Rafu akamweleza kisa chote kwa sentensi tatu.

Mkurugenzi akamgeukia Mtaalamu. "Ni kweli programu yako inafanya hivi?"

Mtaalamu akaitazama sakafu iliyojaa mafaili, akakubali kwa kichwa.

Ukuu ukamkosa. Kurekebisha programu kulichukua siku mbili tu: jina likatumwa kwenye hifadhidata, ikarudi rekodi moja, foleni ikakatika. Bi Rafu naye hakusalimika. Alipewa barua ya onyo, akaamriwa kurudisha mafaili yote kwa mkono wake. Kazi ya siku nane, na aliifanya huku akiimba. Kisha akarudishiwa dirisha lake.

Kabla Bi Rafu hajahama chumba cha nyuma, Mtaalamu alimfuata. "Mama, nisamehe. Nilikukosea."

"Ulinikosea mbele ya watu," alisema bila kuinua kichwa. "Njoo uniombe mbele ya watu."

Jumatatu akaja dirishani, akasema yote, jasho likimtiririka. Wagonjwa wengi hawakuelewa anazungumzia nini. Raha ilikuwa ndogo kuliko Bi Rafu alivyoitarajia kwa miezi mitano, lakini hakuacha hata tone. Alimsikiliza mpaka neno la mwisho.

"Haya, sogea, baba," akamwambia. "Unaziba dirisha."

Akamwita mgonjwa anayefuata.