Fomu Isiyo na Tarehe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti. Msinicheke. Mimi ni mtu wa Nyeri, na kwetu mtu akianza kazi huvaa vizuri. Mkaguzi Mkuu wa shirika, mzee wa Kizungu mwenye buti za mpira, alinipokea mlangoni pa kituo cha mbwa waliotelekezwa, kule Fridley, ughaibuni. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hiyo suti itakuwa imejaa manyoya kabla ya saa nne." Na kweli ikajaa.

Shirika letu lilikuwa linaokoa mbwa wa aina moja tu, German shepherd. Vituo vya mji vikipata mmoja vinatupigia simu, nasi wakaguzi tunaenda kumpima na kujibu: tunamchukua, au hapana. Nafasi hazikutosha hata siku moja. Ukimchukua huyu, yule anabaki, na kituo kikijaa anadungwa sindano ya kumuua. Ndugu zangu nyumbani waliposikia kazi yangu walicheka mpaka machozi. Ati nimepanda ndege kwenda kuwafanyia mbwa intavyuu!

Kumpima mbwa kuna utaratibu wake. Unamtembeza kwa kamba uone anavyovuta. Unamkutanisha na mbwa mwenzake. Halafu unampa bakuli la chakula, na akiwa anakula unalisogeza kwa mkono wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo, maana wa kwako bado unauhitaji. Akinguruma unaandika, akiuma unaandika. Lakini siku hiyo ya kwanza Mkaguzi Mkuu aliniambia jambo moja juu ya yote: "Usimpime mbwa siku aliyoletwa. Mpe siku tatu. Siku ya kwanza unapima woga wake tu."

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na niliijua. Kisha akaja mkaguzi mpya, Mama Furaha.

Alikuwa Mkongo wa Goma, anakaa Hopkins, mama mwenye watoto wakubwa, mpole. Huyo mama hakuwa na haraka na fimbo. Alikuwa anaingia kibandani, anakaa sakafuni, anampa mbwa mgongo, anaimba wimbo wa kanisani polepole. Mbwa aliyenikatalia mimi asubuhi nzima anakuja kumlalia mapajani! Wacha niseme ukweli: roho iliniuma. Mkurugenzi wetu, mwanamke wa Saint Paul aliyependa kusifu watu mbele ya wenzao, akawa kila mbwa mgumu akitokea anasema, "Mtume Mama Furaha." Mimi niliyemfundisha huyo mama kujaza fomu! Nilikuwa nikirudi nyumbani nanung'unika, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeoa kazi au nimeoa Mama Furaha.

Basi kukaja wiki ya nafasi moja na mbwa wawili. Mimi nilikuwa na dume langu, zuri, nimeshalipima, limefaulu. Jumatatu asubuhi kituo kikapokea jike jembamba lenye sikio la kijivu. Mama Furaha alimwona akishushwa garini, akampenda papo hapo, lakini jioni hiyo alikuwa anasafiri kwenda kwenye msiba. Mkurugenzi akaniambia, "Mpime wewe Alhamisi. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye tutakayemchukua."

Sikungoja Alhamisi. Nilienda Jumatatu hiyohiyo mchana, nikijua ninachofanya. Yule jike alikuwa amejibana kwenye kona, anatetemeka. Nilipolisogeza bakuli alinguruma, akautafuna mkono wa plastiki. Niliandika yote, na hakuna neno la uongo nililoandika. Sehemu ya tarehe tu ndiyo niliyoiacha wazi. Ijumaa nikaipeleka fomu.

"Alikuwa ametulia?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Fomu inasema yote," nikamjibu.

Dume langu likapata nafasi. Jike akadungwa sindano siku hiyohiyo.

Mama Furaha aliporudi aliisoma fomu kwa muda mrefu. "Papa," akaniita, kama Wakongo wanavyomwita baba, "ulimpima wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Bon," akasema, yaani sawa kwa Kifaransa chao, akaikunja, akaitia mkobani. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Mkaguzi Mkuu alipostaafu, cheo akapewa yeye, akawa bosi wangu, na wala hakuwahi kunionea. Hilo nalo lilinikera. Siku yangu ya kustaafu aliniletea keki, akasema mbele ya watu kwamba nilimfundisha kazi.

Sasa mke wangu hayupo tena, na nyumba imenyamaza. Nikaomba shirika linipe mbwa mzee wa kukaa naye. Kabla ya kupewa mbwa lazima mkaguzi aje aione nyumba na mwenye nyumba. Jumatatu hii kengele ikalia, kumbe ni yeye.

Alikaa mezani, akatoa fomu mpya, akaanza na tarehe. Aliiandika taratibu. Nikakipiga kikombe kwa kiwiko, chai ikamwagika.

"Mama Furaha," nikasema, "yule jike wa sikio la kijivu…"

"Najua, Papa. Daftari la wageni la kituo lina tarehe."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Machozi yalimlenga. "Nilikuwa nimeshampa jina."

Nikasema nisamehe. Alifuta chai mezani kwa kitambaa chake, akaifunga fomu. "Leo sikupimi. Umeshtuka. Nitarudi Alhamisi."

Nimemwonea wivu huyo mama kwa mikono yake, kwa wimbo wake, kwa cheo chake, na hata kwa hili la juzi namwonea. Leo ni Jumatano. Nimefagia nyumba mara mbili, na bakuli jipya liko jikoni. Ingekuwa ni mimi niliyekuja kumpima yeye, ningeandika hapana siku ileile ya kwanza.