Jumatano Niliyoliza Kengele kwa Kuogopea Vidole

Mpaka leo naona aibu kuingia kwa mlango wa mbele wa kanisa letu pale Moshi mjini, napitia ubavuni, na nikikuta mtu anacheka peke yake kwenye benchi najua ananicheka mimi. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkiyasikia kwa watu wa Kibosho mtaambiwa nilizika mtu aliye hai.

Mimi nafundisha watoto piano, na kila Jumatano saa moja na nusu asubuhi nilikuwa napiga piano kanisani kwa nusu saa, ili anayekwenda kazini au sokoni apumzishe kichwa kidogo. Wazo lilikuwa zuri (lilikuwa langu), ila wasikilizaji walikuwa watatu, na mmoja wao ni mlinzi aliyemaliza zamu. Paroko akaniita, akaniambia kwa upole kwamba wiki ile ikiwa hivyohivyo, piano itafunikwa turubai na nusu saa yangu itakuwa imekwisha. Niliumia sana. Nyumbani sina piano, na ile nusu saa ndiyo iliyokuwa inanifanya nijione mpiga piano kweli.

Jumatano ikafika, kanisa tupu. Nikaona niwaite watu kwa kengele. Mpiga kengele wetu, Mzee Gaspari, alikuwa hajafika, nikasema kwani kengele ina ugumu gani. Kumbe kamba ni nzito na inachubua, na mimi nalinda vidole vyangu (vidole vya msanii, jamani), kwa hiyo nikawa navuta mara moja, napuliza viganja, natulia, navuta tena. Pigo moja, kimya, pigo jingine, kimya. Mtoto wa Kibosho mzima, niliyekua nikimwona mama akiweka jembe chini kila kengele ikilia polepole namna hiyo, akiuliza nani ametutoka, wala sikukumbuka.

Nikarudi kwenye piano. Haikupita muda watu wakaanza kuingia, wawili, watano, akina mama na kanga mabegani, hata yule Mhindi wa duka la vitambaa na mkewe wakakaa nyuma kabisa kwa heshima. Moyo ukanijaa. Nikaziacha nyimbo za kuchangamka nilizopanga, nikapiga taratibu, kwa hisia, machozi ya furaha yakanitoka, na nyuma yangu nikasikia watu nao wanalia. Nikajiambia leo nimewagusa.

Nilipomaliza nikainuka, nikainama kushukuru, wala hakuna aliyepiga makofi. Akaja mama mmoja mtu mzima, Mama Aika, aliyekuwa anapeleka mkungu wa ndizi sokoni akakatisha safari, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Ni baba?"

"Shikamoo, mama. Baba yuko nyumbani, anakamua ng'ombe."

"Marahaba. Sasa tumekuja kumlilia nani?"

Hapo ndipo nikamwona Mzee Gaspari mlangoni, anahema, anauliza nani amegusa kamba yake, na nyuma yake paroko ameshavaa stola ya zambarau ya mazishi. Ningeweza kusema sijui. Nikasema yote mbele ya kanisa zima, la kengele, la vidole, la turubai.

Mama Aika akakaa benchi la mbele, akakunja kanga yake vizuri mapajani. "Soko limeshanipita," akasema. "Basi tupigie ya walio hai."

Nikazipiga zote zile za kuchangamka, nikikosea hapa na pale, na watu wakacheka huku wakifuta machozi waliyokuwa wamemlilia marehemu ambaye hayupo. Jioni nikampelekea Mzee Gaspari jani la isale, kama tunavyoombana msamaha kwetu. Akalipokea, akalifunga kwenye kamba ya kengele, nadhani ili nikilitazama nikumbuke.

Nakumbuka sana. Nimeapa kamba ile siigusi tena, hata kanisa likishika moto nitatoka nikapige kelele barabarani. Turubai halikuletwa. Siku hizi mabenchi manne ya mbele yanajaa, na Mama Aika huwahi kuliko wote, ananiuliza kwanza kama kuna aliyekufa. Nikimwambia hakuna, anakunja kanga yake.

"Haya," anasema, "piga."