Tulivyompaka Baba Rangi

Mama aliteleza kwenye matope ya shamba lake huko Seme akavunjika mguu, nami nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Kaloleni, akae hadi plasta itolewe. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya kuku sasa akawa anashinda kwenye kochi langu, mguu juu ya stuli, akikosoa ninavyopika. Wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua kalamu za rangi za spiriti, zile zenye ncha mbili, nene na nyembamba. Nilikuwa nimewaona vijana mtandaoni wakichora nazo nyuso zinazong'aa kama picha za kamera, nikadhani kazi yote inafanywa na kalamu.

"Unachora nini hapo?" Mama akaniuliza.

"Samaki tu, Mama. Najifunza."

"Samaki watu wanakula. Chora baba yako."

Baba alifariki kabla sijaanza shule. Picha yake iliyobaki ni moja, ndogo, ya pasipoti, tena haina rangi. Mama huiweka ndani ya Biblia. Akaitoa, nami nikamchora Baba kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida ya kuchapishia, kisha nikapitisha mistari kwa kalamu ya wino ya ofisini. Nilikuwa nimekwishakosea mara mbili kabla ya kufungua rangi hata moja, ila sikujua.

Nilipomgusa shavuni kwa kahawia, wino wa mistari ukayeyuka na kumchafua uso mzima. Rangi nayo ikatambaa nje ya sikio, sikio likavimba. Mama akainama kutazama.

"Wuololo! Umempiga?"

Nikainua karatasi. Rangi ilikuwa imepenya hadi kwenye kitambaa cheupe cha meza, alichokifuma Mama kwa mkono wake. Nikangoja kelele. Yeye akakitazama tu, akasema, "Hata akiwa hai alikuwa anachafua vitambaa vyangu."

Kesho yake nilipitia duka la vitabu mjini nikanunua karatasi nzito, laini, na kalamu ya mistari isiyoyeyushwa na spiriti. Nikaanza upya. Safari hii uso nikauacha kwanza.

"Shati lake lilikuwa rangi gani?"

Sikuwa nimewahi kumuuliza swali kama hilo. Kwetu Baba alitajwa siku za kumbukumbu tu, kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. Mama akafumba macho.

"Kijani. Lakini si kijani ya majani. Kijani ya sukuma imepikwa ikazidi. Alitoa hiyo shati soko ya Kibuye, kwa mitumba. Nikamwambia hiyo ni ya mwanamke, angalia vifungo viko upande gani. Akakataa. Na ndiyo alivaa siku alikuja kwetu kuniomba."

Nikachagua kalamu ambayo kifuniko chake kilifanana na maneno yake. Kwenye karatasi ikatoka kijani cha chipukizi. Ndipo nikajua vifuniko vya kalamu hizi havisemi kweli. Nikachukua kipande cha karatasi nikaanza kujaribu moja baada ya nyingine, Mama akihukumu: "Hapana. Hiyo ni sare ya shule. Hapana." Tulipoipata, aligonga meza kwa kiganja. Nami kwa furaha nikakimbilia kivuli cha kola kwa rangi nzito kuliko zote, na hakuna rangi hafifu iliyoweza kukifunika tena.

"Lete hapa," Mama akasema. "Uso nitafanya mimi."

Alipaka polepole, kama anayepaka mkate siagi. Lakini rangi hizi hukauka upesi, kwa hiyo kila mstari ulikauka kabla ya ule uliofuata kuufikia, na Baba akawa na milia. Mama akarudia juu yake, akarudia tena.

"Mama, imetosha. Karatasi imeshiba."

"Wacha. Wewe ulimfanya kama mtu wa Nairobi. Baba yako alikuwa mweusi, nyathina, mwanangu. Mweusi vizuri."

Akacheka, akaendelea kupaka. Alasiri hiyo, bila kuinua macho, aliniambia kwamba Baba hakujua kuogelea ingawa alizaliwa karibu na ziwa, na kwamba nilipougua surua alinibeba mabegani hadi hospitali akiniimbia kwa sauti mbovu, watu wa mtaa wa Kondele wakigeuka kutazama. Yote hayo yalikuwa mageni kwangu. Nilishika kalamu mkononi nikasahau kuifunika, ikakauka.

Plasta ilipotolewa, Mama alirudi nyumbani na picha hiyo, milia yake na kola yake nzito, akaitundika sebuleni mkabala na mlango. Miezi ikapita. Asubuhi moja akanipigia simu, sauti yake ina hofu.

"Nyathina, baba yako anapotea."

"Anapotea vipi?"

"Uso inakuwa nyeupe. Shati nayo imekuwa manjano."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba rangi hizi huliwa na jua. Jumamosi nilibeba kalamu zangu nikaenda Seme. Tulimshusha Baba ukutani, tukamlaza mezani, na Mama akavuta kiti karibu na changu hadi mabega yetu yakagusana. Tulimpaka hadi chai ikapoa. Tukamtundika chumbani kwa Mama, upande usiofikiwa na jua. Mama akasema huko ni sawa, hata zamani alikuwa anapenda sana kulala.