Maswali Pacha Niliyoyafuta Marina

Siku yangu ya kwanza katika ofisi moja ya Dubai Marina nilipewa kiti cha magurudumu, nikakaa nusu saa bila kujitikisa, nikiogopa kisije kikanipeleka dirishani. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa kuchapa fomu za viza huko Deira, na cheti changu cha kidato cha nne kilitosha. Hapa kazi ilikuwa kutafsiri maswali ya mtandaoni: mtu anabofya majibu, kompyuta inamwambia siasa zake ni za upande gani. Mimi ambaye miaka yote ya Dubai nilijua njia mbili tu, ya kazini na ya kitandani, ndiye niliyepewa kuwaonyesha watu wanakoelekea.

Msimamizi wa Maswali, mama wa Kisudani mwenye subira, alinifunza. Kila swali lilikuwa kauli, na chini yake ngazi tano, kutoka "nakubali sana" hadi "napinga sana". Na kila kauli ilikuwa na pacha wake, yaani kauli ileile iliyopinduliwa.

"Wako watu wanaokubali kila kitu," alisema. "Pacha ndiye anayewakamata."

Alipohamishwa, akaja Meneja. Huyu alipenda vitu vifupi, hata salamu.

"Yalla, madam, maswali thelathini nani atayamaliza? Punguza."

"Nipunguze yapi, sir?"

"Yanayojirudia."

Yanayojirudia yalikuwa mapacha. Nikayafuta yote, nikaenda zangu kula chapati.

Toleo la Kenya lilipotoka, nikalipeleka nyumbani kwetu, mtaa wa International City, kwa majivuno. Tulikaa wanawake watatu, sote watu wa Pwani: mimi, Halima wa saluni, na Mwanaisha, msafishaji wa hoteli, mpole hata akigonga mlango huuomba radhi. Tulikula sinia moja. Mwanaisha alijibu kwenye simu yangu, na matokeo yakatoka kwa herufi kubwa: anaunga mkono maskwota, wanaoishi kwenye ardhi bila hati, waondolewe. Mamake Halima alikuwa skwota, na nyumba yake ilikuwa imebomolewa mwaka uleule.

Halima hakupiga kelele. Alipakua chakula chake kwenye sahani, akaenda kula jikoni peke yake. Siku ya tatu akaanza kuulizia kitanda kwenye nyumba nyingine. Mwanaisha naye hakugusa sinia.

Kosa nililijua ni la nani. Ijumaa nikatoa mapacha yangu, nimeyaandika kwenye karatasi, nikawaketisha wote wawili.

"Mwanaisha, wanaoishi bila hati ya ardhi waondolewe. Wasemaje?"

"Nakubali, Bi Zuhura."

"Wanaoishi bila hati wapewe hati."

"Nakubali."

Halima akageuka. "Ebo! Waondolewe ama wapewe?"

"Mtu mzima kaniletea kazi yake nyumbani, mimi nianze kumkatalia?"

"Kwa hivyo mamangu afukuzwe ndiyo wewe uonekane una adabu?"

Mwanaisha akamtazama. "Siku uliyopigiwa simu kwamba nyumba imevunjwa, nani aliacha kwenda kazini akakaa nawe sakafuni mpaka magharibi? Hilo simu ya Bi Zuhura haikuniuliza."

Halima akanigeukia mimi niliyejikunyata kwenye kochi.

"Nawe Bi Zuhura, kumbe kazi yako ni kugombanisha watu?"

"Nakubali sana," nikasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwanaisha. Adhuhuri ile tulikula sinia moja.

Nilimweleza Meneja yote. Akakuna kidevu. "Khalas, rudisha mapacha sita." Sita si kumi na tano, lakini la ardhi nililirudisha kwanza.

Vijana huniuliza kama maswali yale yanapima kweli. Yanapima kitu. Fundi akikupima juu ya buibui, namba atazipata na gauni atalishona. Likikupwaya, usilaumu mwili wako. Watu wetu wakiulizwa na mgeni huvaa adabu kwanza, ndipo wakajibu. Maswali yenye mapacha angalau humvua mtu mtandio. Yaliyobaki utayajua kwa kukaa naye sakafuni.

Sasa nimestaafu, niko Likoni, na simu nimeiachia chaja. Juzi Mwanaisha na Halima walikuja kunitazama, wamefuatana kama kawaida yao.

"Nipike pilau au wali wa nazi?" nikauliza.

"Chochote, Bi Zuhura," akasema Mwanaisha.

Ujuzi hauzeeki. "Basi nisipike," nikamtolea pacha.

"Hapo," akasema, akivua viatu, "napinga sana."