Jina Lililotoka Kwenye Kaseti

Ulikuwa mwaka wa sombe tupu. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, na Rumonge nzima tukawa tunakula maharagwe mchana na majani ya muhogo jioni, sombe isiyo na hata ndagala mmoja ndani yake. Mtu akikuambia alikula samaki wa mukeke mwaka ule, ujue ni mwongo. Wajukuu wangu walikuwa wakichungulia sufuria, wananitazama mimi, halafu wanachungulia tena. Nikawauliza, munatafuta nani humo ndani, mjomba wenu?

Mwaka huo ndio orkesta yangu ilirudi.

Nasema yangu kwa sababu niliipenda nikiwa bado na meno yote. Walikuwa wanaume wa Kongo, magita matatu, ngoma, tarumbeta mbili na mwimbaji mmoja mwembamba. Mara ya kwanza walivuka ziwa na vyombo vyao vimefunikwa maturubai, wakapiga uwanjani karibu na bandari, mchana, siku ya pili ya Idi. Mimi nilikuwa tayari mke wa mtu, na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilikuwa nauza mawese sokoni, mawese niliyokamua mwenyewe, na mikono yangu ilikuwa na ile rangi ambayo sabuni haiitoi. Nikasogea mbele mpaka magita yakawa yananipiga tumboni. Gita la kwanza lilikwenda mbio kama mtu anayeshuka mlima na kikapu kichwani, wala hamwagi kitu. Nikacheza. Mtoto akalala huko mgongoni, na mimi nikacheza. Mwimbaji akaniangalia. Sikuota, aliniangalia.

Lakini upande wa pili wa uwanja kulikuwa na msichana mwingine anacheza. Nilimjua. Alikuwa akitandika mkeka wake mbele ya wangu sokoni, na yeye anauza mawese, na yalikuwa na maji. Narudia hapa kwenye maandishi: yalikuwa na maji. Alikuwa na kiuno ambacho sitaki kukieleza. Nikageuka kumwonyesha mume wangu jinsi mwimbaji anavyoniangalia, nikamkuta mume wangu anaangalia kule.

Kabla mvua hazijaisha yule msichana alikuwa ameshaingia ndani ya ua wangu na masanduku yake mawili. Mukeba wangu, ndivyo tunavyomwita huku mke mwenza. Aliniita dada tangu siku ya kwanza, mimi nikamwita mudogo wangu, na kila tulipoitana hivyo palikuwa na mwiba ndani yake.

Halafu kaseti ikaja. Wachuuzi waliileta kutoka Uvira, ikawa inapigwa sokoni kutwa. Katikati ya wimbo wa tatu magita yanakaa kimya kidogo, na yule mwimbaji anaita, "Mama mawese." Mara moja tu, haraka, kama mtu aliyemwona mtu anayemjua barabarani. Halafu magita yanarudi. Sisi sote tunajua waimbaji wa Kongo wanavyotia majina ya watu ndani ya nyimbo zao, mtu waliyempenda, mtu aliyewapokea vizuri. Soko lote likageuka. Nusu yao waliniangalia mimi, nusu walimwangalia yeye.

Tangu siku hiyo jina lile likawa na wenyewe wawili, na wawili ni wengi mno kwa jina moja. Mtu akiniita Mama Mawese njiani, mukeba wangu anaitika. Akiitwa yeye, nageuka mimi.

Tulipokimbia vita, nilibeba watoto, sufuria na ile kaseti. Yeye alibeba watoto wake na radio. Sikumwambia habari ya kaseti, na yeye hakuniambia habari ya radio. Tukafika kambini upande wa Tanzania ndipo tukagundua kwamba hakuna anayeweza kuusikia wimbo bila mwenzake. Miaka yote ya kule tuliusikiliza pamoja, kwenye mkeka mmoja, na ukifika pale mahali kila mmoja anatabasamu akiangalia upande wake.

Mume wetu tulimzika baada ya kurudi nyumbani. Alipokuwa hai nilimwuliza mara nyingi, yule mwimbaji alimwita nani kati yetu? "Nyinyi wote," alisema. Jibu la mwanamume anayekula kwenye masufuria mawili.

Sasa mwaka huo wa sombe tupu, mukeba wangu akaja jikoni kwangu na kopo la rangi nyekundu mkononi. Bado tunakaa ua mmoja. Mlango wangu unaangalia milima, wake unaangalia mlango wangu.

"Amahoro, dada."

"Amahoro. Hiyo rangi ni ya nini?"

"Nataka kibanda changu kiandikwe. Fundi anakuja wiki ijayo."

"Kiandikwe. Nani amekukataza?"

"Nataka aandike Mama Mawese." Akakaa bila kukaribishwa. "Dada, wewe hauuzi tena sokoni. Magoti yanakusumbua. Jina iko tu hapa, inalala. Ungeniachia. Sisi ni wazee sasa, tunagombania nini?"

"Kama hakuna cha kugombania, mbona umekuja na rangi?"

"Niachie, dada yangu. Ni neno tu."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Mume nilikugawia. Jina sitoi."

Akaondoka na kopo lake, akaliweka dirishani kwake mahali ambapo nitaliona kila asubuhi nikifungua mlango. Nikaliona kila asubuhi.

Mjukuu wangu anayesoma universite Bujumbura ndiye aliyenipigia simu. Ni wa kwanza kufika huko katika ukoo wetu, na nimemlea mimi kwa mikono hii, si mtu mwingine.

"Bibi, kaa chini."

"Nimekaa."

"Orkesta yako inakuja Rumonge. Watapiga pale mchangani, Jumamosi, baada ya alasiri. Tiketi yako ninayo."

Nikasimama. Halafu nikauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Bibi, iko kwenye radio."

Nikachungulia nje. Mukeba wangu alikuwa ameshaanika kitenge chake cha sherehe.

Jumamosi mjukuu wangu alifika kutoka Bujumbura, akanivalisha kitenge kipya cha buluu na viatu visivyoniumiza. Nikatia kwenye mkoba chupa moja ya mawese, ya kukamua mwenyewe, mekundu, safi, unaweza kusoma gazeti nyuma yake kama unajua kusoma. Yalikuwa ya mwimbaji. Tukafika, watu wamejaa nyuma ya kamba. Wavuvi hawakuwa na kazi yoyote na walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi. Mbele ya kamba kulikuwa na viti vya wakubwa. Na katikati ya wakubwa, juu ya kiti chenye mto, amekaa mukeba wangu.

Alikuwa amekwenda peke yake kuwaambia watu wa maandalizi kwamba yeye ndiye Mama Mawese wa kwenye kaseti. Alikwenda wakati mimi nawapikia wajukuu chai. Yule mwenye kipaza sauti akatangaza, "Leo tuko naye Mama Mawese mwenyewe." Watu wakapiga vigelegele. Akasimama, akapunga mkono taratibu kama bibi harusi, nami nikaona vidole vyake. Alikuwa amejipaka hina. Kwa umri ule.

Wivu naujua, nimelala nao ukuta kwa ukuta. Lakini siku ile ulinipanda mpaka mizizi ya meno. Niliuonea wivu ule mto wa kiti. Nilikionea wivu kivuli kilichomwangukia. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unataka maji?" Nikamwambia nataka kiti kile.

Halafu orkesta ikapanda jukwaani. Wale wa zamani walikuwa wamebaki watatu tu, wengine ni vijana ambao ningeweza kuwapangusa kamasi. Mpiga besi alipiga ameketi. Mwimbaji wangu alikuja na fimbo na miwani myeusi, ananyanyua miguu kama mtu anayetembea kwenye tope. Nikasema, basi, wameniletea maiti. Ndipo gita la kwanza likaanza kushuka ule mlima na kikapu chake kichwani, lile lile, na akafungua mdomo. Sauti imechakaa pembeni kama kitenge cha zamani, lakini katikati bado nzima. Magoti yangu yakasahau umri. Wavuvi wakanipisha, mmoja akasema, "Acheni bibi acheze." Nikacheza, na machozi yakanitoka. Nikageuka kuona kama mukeba wangu analia. Alikuwa analia, tena kwa leso, vizuri kuliko mimi.

Walipopumzika nikamshika mjukuu mkono, tukaenda nyuma ya jukwaa. Kijana mlinzi akasema hapapitwi.

"Nimeleta mawese ya mwimbaji. Utayabeba wewe na shati hiyo nyeupe?"

Akatupisha.

Mwimbaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya ziwa. Ilikuwa imevimba kama mihogo.

"Amahoro, papa."

"Amahoro, mama. Karibu. Usiangalie miguu."

Nikampa chupa. Akaifungua, akainusa, akafumba macho. "Haya ni mawese ya kweli."

"Nimekamua mwenyewe. Sasa na wewe uniambie kweli. Kwenye ule wimbo wa tatu unaita Mama Mawese. Ni mimi, au ni yule waliyemuweka pale mbele?"

"Mama nani?"

"Mawese."

Akaniomba nimwimbie. Nikamwimbia, tangu mwanzo mpaka pale, mbele ya mjukuu wangu na vijana wa magita. Akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye beseni. Kisha akasikia kwamba mimi sicheki, akaacha.

"Mama, pale siimbi mawese. Ni Lingala. Mama, mawa esili. Mawa ni huzuni. Esili, imekwisha. Naambia mama yangu huzuni imekwisha. Nasema mbio kwa sababu gita haingoji."

Nikajaribu mdomoni, polepole, halafu mbio. Mawa esili. Mawaesi. Mawese.

"Huku kila mtu anasikia mawese," nikamwambia.

"Huku kila mtu anauza mawese," akasema.

"Lakini uliniangalia. Siku ya Idi. Nilikuwa na mtoto mgongoni."

"Ile wimbo tuliitia kwenye kaseti mbele ya kuvuka ziwa, mama. Rumonge nilikuwa sijaijua bado." Akageuzageuza chupa mkononi. "Labda nilikuangalia. Nilikuwa naangalia watu wengi."

Nilitaka kuondoka. Mjukuu wangu alikuwa anatazama chini. Nilimlea vizuri. Ndipo yule mzee akaita, "Mama. Leo nitaimba mawese. Kwa sababu ya hii chupa. Utasimama wapi?"

"Kwenye kamba, kushoto. Kitenge cha buluu."

"Nitakuonyesha kwa mkono."

Nilirudi nikapita katikati ya wavuvi kwa viwiko mpaka kamba ikanikata tumbo. Nikanyoosha kilemba. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ukaja ule wenyewe. Magita yakakaa kimya, na akaita, wala si mbio, akalivuta neno mpaka likafika majini, "Mama mawese!" Akainua mkono.

Jukwaa lilikuwa linaangalia ziwa. Jua lilikuwa limeteremka juu ya milima ya Kongo na kumpiga usoni moja kwa moja, na nyuma ya ile miwani nadhani macho yake yalikuwa yamekwisha zamani. Mkono ukapita juu ya kitenge changu cha buluu, ukatafuta kidogo hewani, ukaenda kutua kwenye kiti chenye mto.

Mukeba wangu akasimama, mikono yake yote miwili yenye hina kifuani. Watu wakamshangilia mpaka sikusikia mwisho wa wimbo.

Tulirudi kwa miguu, sisi wawili nyuma, mjukuu wangu mbele ameshika viatu vyetu. Njia nzima mukeba wangu alisema peke yake.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia."

"Na mkono umeuona?"

"Nimeuona."

"Mimi nilifikiri nitaanguka." Alitembea kidogo, akasimama. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa nyingine, ile ya kambini, tulipokuwa tukiombana chumvi. "Lakini sitamuita fundi kama wewe haujasema ndiyo. Watu watasema nimekuibia. Sema tu, dada. Niachie."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, ya moto. Maneno mawili ya Lingala, na angekwenda kuisugua ile hina usiku huohuo. Mjukuu wangu mbele alipunguza mwendo, naye alikuwa anangoja. Lakini maneno yale yangenisugua na mimi pia. Ule mkeka wa kambini, miaka yote ile, tulikuwa tunatabasamia nini? Na kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifunga mdomo. Miaka yote jina lile halikuwa la mtu. Limekuwa jina leo tu, kwa sababu ya chupa yangu, mawese yangu, kwa kuomba kwangu mimi. Leo ndiyo siku ya kwanza limekuwa langu kweli.

Alikuwa bado ananingoja, ameninyooshea mkono wenye hina.

Nikamwambia, "Mume nilikugawia. Jina sitoi."