Fundi Pua na Dawa ya Kupaka

Wateja walimwita Fundi Pua, naye hakuwa na kinyongo, maana jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na saba alitengeneza makochi, na hakukubali kazi yoyote kabla ya kupiga magoti, kuchana mshono wa chini kwa wembe, kuchomeka pua ndani na kuvuta hewa mpaka mabega yakapanda. Kisha aliinuka na kutoa hukumu. "Sponji imeoza, toa yote." Au, "Hapa kakojoa paka, tena si mara moja." Mama mmoja aliwahi kuapa kwamba mwanawe ameshaacha kukojoa kitandani. Fundi akamjibu kwamba huenda ni kweli, ila kochini bado anaendelea. Mama yule alinuna wiki nzima, halafu akamleta jirani yake.

Basi ugonjwa nao, kwa kukosa adabu, ukaanzia hapo hapo puani. Yalianza magamba makavu, ikafuata damu, kisha mwamba wa pua ukabonyea katikati kama mto uliokaliwa na mtu mzito. Mkewe, mwanamke asiyeweza kuuacha mzaha upite hivi hivi, alisema afadhali, sasa miwani itapata pa kukaa. Walicheka wote wawili, hadi siku alipokohoa damu na mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Siku hiyo hakucheka mtu.

Daktari wa kliniki, binti ambaye Fundi angeweza kumzaa, alimweleza taratibu. Kinga ya mwili wake, wale askari wa kumlinda, walikuwa wamepotoka na kuishambulia mishipa yake mwenyewe ya damu, ile midogo ya pua, mapafu na figo. Dawa alizomwandikia zingewatuliza.

"Lakini kuna jambo jingine, mzee," daktari alisema. "Puani mwako wamejaa bakteria. Watu wengi wanao na wala hawawadhuru. Kwa wenye ugonjwa kama wako, tunaona wakiwepo ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Hatujajua yote, ila inaelekea wanawachokoza hao askari mpaka wanaamka tena na hasira zao."

Akampa dawa ya kupaka ndani ya pua, asubuhi na jioni, siku tano kila mwezi. Akamwambia na ukweli wenyewe: figo zilikuwa zimebaki na nusu ya nguvu. Zikishambuliwa tena, ajiandae kuishi na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Fundi Pua kilikuwa kimehamia puani na virago vyake vyote.

Mtu mwenye akili timamu angepaka. Fundi hakupaka. Na kwa kuwa mkewe aliikagua tyubu kila jioni ya siku hizo tano, aliona isiwe tabu: dawa aliikamulia kwenye springi. Ndiyo, springi za makochi ya watu. Mtaa mzima ukawa unakalia dawa ya hospitali, na makochi yakaacha kulia. Mafundi wenzake walipomuuliza siri yake, alisema ni mafuta fulani hayapatikani dukani, na hapo walau hakusema uongo.

Mwezi wa nane tangu apewe tyubu ya kwanza, madoa ya zambarau yalijitokeza miguuni na mkojo ukabadilika rangi tena. Wakarudi kliniki, yeye na mkewe, wakapimwa kila kinachopimika.

"Ugonjwa umerudi, lakini tumeuwahi," daktari alisema, macho kwenye majibu. "Nitaongeza dawa za kutuliza kinga. Kinachonitatiza ni hawa bakteria. Wamezidi hata mwanzo, kwa hiyo dawa ya kupaka imeshindwa, ni sugu. Nitakupa vidonge vikali zaidi. Vinaweza kuzielemea figo, na zako hazina akiba. Ila sioni njia nyingine."

"Na alikuwa anapaka, Dokta," mkewe akadakia. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakagua. Tyubu inaisha mpaka inakunjika."

Daktari akashika kalamu. Fundi akaitazama ile kalamu ikigusa karatasi, akaona uongo wake unaandikiwa vidonge. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Dokta, subiri. Dawa haijashindwa. Haijawahi kuingia puani."

Akaeleza habari za springi. Mkewe aligeuka mzima mzima kwenye kiti. "Yaani mimi nakagua tyubu, kumbe wewe unalainishia watu makalio!"

"Kwa nini, mzee?" daktari aliuliza.

"Ikipakwa inaziba. Kazi yangu ni kunusa."

"Kunusa nini?" mkewe akafoka. "Juzi kochi lilikuwa na panya aliyeoza, nzi mpaka mlangoni, ukasema ni vumbi! Nikadhani unamtania mteja."

Fundi aliinamisha uso. Aliposema, alisema na sakafu.

"Sisikii harufu yoyote, mama watoto. Tangu pua ibonyee. Makochi nakisia tu. Nikaona nikiiacha wazi, labda itarudi. Kila asubuhi, kabla hujaamka, nainusa shingo yako. Miezi minane sasa. Hakuna kitu."

Daktari akaichana karatasi aliyoanza kuiandika, akatoa tyubu mpya na kuisogeza mezani. Mkewe ndiye aliyeichukua. Akaifungua, akakamua kidogo kwenye kijiti cha pamba, akamshika mumewe kidevu.

"Inua uso," alisema. "Kesho asubuhi ninuse tu kama kawaida. Mimi nitakuambia nanukia nini."